Fundi Alistides na Siku Sitini

"Ziko za aina tatu," alisema Projest bila kushusha sauti. "Kuna ya pampu, kuna ya fremu, na kuna ya kuning'iniza vyuma. Unataka ipi?"

Alistides aligeuka kutazama mlango kwanza. Duka lile liko nyuma ya stendi ya Kayanga, jembamba, mbele makava ya simu na chaja, nyuma pazia la maua. Nyuma ya pazia ndipo vinapokaa vile vitu ambavyo watu huviulizia baada ya kukohoa mara mbili. Yeye alikuwa amekohoa mara tatu.

"Si vyangu," alisema. "Kuna mtu kanituma."

"Wote huwa wametumwa," Projest alimjibu kwa upole, maana alikuwa na adabu ya biashara. "Sasa huyo aliyekutuma, shida yake ni urefu au unene? Pampu inavimbisha tu, ukiitoa baada ya saa mbili kiungo kinarudi kilivyokuwa. Fremu ndiyo ya kurefusha. Unaivaa, unakaza, kila wiki unaongeza kidogo."

"Na ya vyuma?"

"Hiyo ni ya waliokata tamaa."

Akavipanga vyote vitatu juu ya boksi la spika. Pampu ilikuwa mrija wa plastiki na kipira cha kubonyeza, kama kile cha kupimia presha. Vyuma vilikuwa sahani mbili nzito na kamba. Fremu ilikuwa pete ya plastiki, vijiti viwili vya chuma, na mkanda mwembamba wa kushikilia juu. Alistides alichukua fremu, na hapo aibu ilimtoka kwa muda, kwa sababu yeye ni seremala wa Ndama anayesifika kwa milango isiyopinda, na kitu chenye skrubu kikifika mkononi mwake lazima akikague. Alikinyoosha usawa wa jicho moja. Alikizungusha. Alijaribu skrubu kwa ukucha.

"Vijiti havilingani," alisema.

"Havilingani vipi?"

"Cha kushoto kimezidi. Milimita mbili hivi. Na huu mkanda utateleza."

Projest alikuwa ameuza vifaa vile miaka miwili na hakuwahi kupata mteja wa namna hii. "Boss," alisema, "hii ni ya kuvaa, si ya kujengea."

Kabla hajajibiwa, pazia lilisogea. Aliyeingia ni Mackrine, katibu wa jumuiya ya Ndama, mwanamke ambaye habari ikimfikia asubuhi, jioni imeshavuka mto. Alitaka chaja. Alimwona fundi, akaiona na fremu mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo, fundi."

"Milele, amina."

"Mama Vero hajambo? Wiki mbili hatumwoni jumuiyani."

"Yuko kwao Bugomora. Anawasalimu."

Mackrine alizipokea salamu zile lakini macho yake hayakutoka kwenye vijiti. Projest, kwa kutaka kusaidia, akasema kile ni kifaa cha kunyooshea kidole kilichovunjika. Mama wa watu akampa fundi pole nyingi, akauliza kidole gani, na Alistides akaonyesha cha kwanza kilichomjia. Kuanzia siku ile alilazimika kukifunga kidole cha shahada kitambaa, na mteja mmoja wa kabati akampelekea fundi mwingine kazi kwa huruma.

Mackrine alipoondoka, Projest alifungasha fremu ndani ya gazeti. "Siku sitini," alisema. "Saa nne nzima kila siku. Usiruke. Ukiruka, unaanza upya."

Alistides alilipa fedha ya mlango mzima, akauficha mfuko ndani ya koti, akatoka akihesabu siku kichwani.

Niseme mapema: hakuna mtu aliyewahi kumwambia Alistides kwamba ana upungufu. Mkewe hakuwahi kusema, wala hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Aliyesema ni simu. Mwaka jana, kwenye kilabu cha rubisi, pombe ya ndizi, wanaume walitaniana wee, kila mmoja akitia chumvi kwenye yake, na Alistides akacheka pamoja nao. Alipofika nyumbani akaandika swali lake kwenye simu. Simu ikamjibu kwa picha na bei. Tangu hapo kila alipoifungua kutazama bei ya mbao au matokeo ya mpira, ilimletea mtu mwenye kifua kipana anayemwambia kwamba ndoa nyingi huvunjikia kitandani na wake hawasemi. Hilo la wake kutosema ndilo lililomwingia. Akaanza kuzima taa kabla ya kuvua shati. Akaanza kulala akiangalia ukuta. Mwaka ukaisha hivyo, watu wawili chini ya blanketi moja, kila mmoja akisikiliza mwenzake akijifanya amelala.

Ndipo mkewe, Anonciata, akafunga mzigo wake Jumamosi moja, Alistides akiwa amekwenda kupeleka kitanda kwa mteja, akamshika mkono binti yao Vero wa miaka mitano, akaenda kwao.

Huko Karagwe na Kyerwa mwanamke akirudi kwao namna hiyo wanasema amenoba, na kunoba si kuachana. Ni kama kuuliza swali. Mume anatakiwa alijibu kwa miguu yake: aende kwa wakwe na rubisi, akae chini, aambiwe kosa lake, atozwe faini, wazee wanywe, na jioni aondoke na mke wake. Jumapili ya kwanza hakuna anayemtarajia, hasira bado zina moto. Ya pili watu hufagia uwanja. Ya tatu asipotokea wanaanza kuulizana. Ikipita hapo, kimya chake ndicho jibu lake, na kila mtu amelielewa.

Alistides aliyajua yote haya tangu utoto. Lakini alijiambia kwamba akienda sasa atamrudisha mke kwenye kile kile alichokikimbia. Yeye hajawahi kumpelekea mteja mlango ambao haujapigwa randa. Angojee siku sitini zake, kisha aende akiwa mwanaume kamili. Aliona ni hesabu nzuri, na kwa sababu hakuwa na mtu wa kumweleza, hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba ni ujinga.

*

Mama yake, Kokushubira, alikuwa akiishi nyumba ya pili katika kiwanja kile kile, na yeye hakuhitaji kuelezwa mambo ya kunoba. Siku ya nne tu tangu mkwewe aondoke alichagua mikungu ya ndizi za pombe akaifukia iive. Ziliiva. Akamwita jirani azikanyage, akatia mtama, na Jumamosi jioni rubisi ilikuwa tayari, nzuri, yenye povu.

"Kesho unakwenda," alisema.

"Bado kidogo, mama."

"Bado nini?"

"Kuna kazi ya watu."

Rubisi haijui kusubiri. Jumanne ilikuwa imeshageuka uchungu, na mama akawaita majirani waimalize wakiwa na nyuso za kusikitika. Wiki mbili baadaye alifukia ndizi nyingine. Jibu likawa lile lile. Mara hii hakuwaita majirani. Aliimwaga shambani, akabaki amesimama na ndoo tupu.

"Alistides," alisema, "una mwanamke mwingine?"

"Hapana, mama."

"Basi wewe ni mgonjwa."

"Siumwi."

"Mimi ni mama yako. Hata kama baba yako hayupo, mimi nipo. Niambie."

Alimtazama mama yake, mwanamke wa miaka sitini na nane aliyemzaa na kumwogesha, na ulimi ukakataa. Angeanzia wapi? Laiti angemwambia hata nusu, mama angecheka mpaka aketi chini, kisha angemvalisha koti na kumpeleka Bugomora yeye mwenyewe usiku ule. Lakini alisema tu kwamba kidole kinamsumbua.

Kila siku baada ya chakula cha mchana alijifungia karakanani, akashusha komeo, akavaa fremu chini ya kanzu kuukuu ya marehemu baba yake, akakaa juu ya gogo. Saa nne ni nyingi kwa mtu asiyeweza kushika randa wala kuinama. Wateja walibisha hodi. "Fundi, upo?" Alibana pumzi mpaka waondoke. Alisikia kuku wakiparua maranda. Alisikia wenzake barabarani wakiitana kwenda mpirani, na hakuna aliyemwita, maana siku hizi ukimwita hatoki. Wakati mwingine alitoa futi kamba akapima, akaandika kwa penseli ya fundi kwenye ubao, akapima tena kesho yake. Namba zilikuwa zile zile. Penseli ile ilikuwa imeandika vipimo vya nusu ya milango ya Ndama na haikuwahi kumdanganya, lakini safari hii aliamua kutoiamini.

Alilolitabiri lilitokea, mkanda ukawa unateleza. Akautupa, akakata ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, akaufunga yeye mwenyewe, imara, kama anavyobana mbao mbili zilizopakwa gundi.

*

Bugomora, Anonciata alikuwa akifagia.

Jumamosi ya pili alifagia uwanja wa baba yake, akakata majani mabichi akayatandaza sebuleni, akamfua Vero gauni. Jumapili akavaa kitenge alichovaa siku ya ubatizo wa Vero, akakaa mahali ambapo angeiona njia huku akijifanya anachambua maharage. Jumapili ya tatu alifanya vile vile. Ya nne shangazi yake Kansiime, dada ya baba yake, alikuja kutoka ng'ambo ya pili ya kijiji kumuuliza, maana shangazi ndiye anayeruhusiwa kuuliza mambo ya chumbani.

"Anakupiga?"

"Hajawahi."

"Anakunywa?"

"Kiasi."

"Sasa nini kilikuleta, mwanangu?"

Anonciata aliinamia ungo. "Shangazi, mtu akikaa na wewe mwaka mzima bila kukugusa, akivua nguo gizani ili asikuone, wewe ungesemaje?"

Kansiime alifikiri. "Ningesema ana mtu."

"Hana. Ningejua. Anarudi nyumbani mapema, anakaa." Sauti ikapungua. "Nadhani ni mimi. Tangu nimzae Vero mwili wangu umekuwa mwingine. Naoga mara mbili kwa siku, shangazi. Nilinunua na sabuni ya harufu. Akilala anageukia ukutani kama vile mimi nina uvundo."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, amechoka? Akasema amechoka. Nikamuuliza, nimekukosea? Akasema hapana. Nikaona nije huku, labda mbele ya baba atasema."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Hakunoba ili amwache. Alinoba ili mwanaume afungue mdomo, maana pale kwa wakwe mume huulizwa na lazima ajibu.

Wiki ya tano Alistides alipiga simu. Aliongea na Vero kwanza, kisha mtoto akampa mama simu. Anonciata aliondoka na simu hadi nyuma ya nyumba, moyo ukimdunda kama msichana.

"Maharage mmevuna?" Alistides aliuliza.

"Tumevuna."

"Mvua je?"

"Ilinyesha juzi."

Anonciata alikuwa akingoja neno moja tu, nakuja, na Alistides kule Ndama hakuthubutu kulitoa, kwa sababu siku zilizobaki zilikuwa thelathini na tisa.

"Haya, wasalimie," alisema.

Anonciata alisimama pale mpaka kioo cha simu kikazima. Jumapili iliyofuata hakuvaa kitenge. Alikwenda shambani na jembe, na jioni akala na watu, akalala. Alishangaa asubuhi kugundua kwamba alilala usiku mzima.

*

Siku ya arobaini na moja Alistides alifungua mpira wa tairi akaona ngozi imekuwa ya zambarau, na hasikii kitu. Kisha akajikaza, akapanda bodaboda kwa kukaa upande kama mwanamke, akaenda zahanati ya mtu binafsi mjini ambako hakuna anayemjua.

Tabibu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimtazama, akamsafisha, akampaka dawa. Alipomaliza alinawa mikono.

"Ulifunga na nini?"

"Mpira."

"Mpira gani?"

"Wa tairi. Ule wa ndani. Wa baiskeli."

Tabibu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Ungechelewa siku mbili ningekuandikia rufaa, na huko wangekata. Unanielewa? Damu ilikuwa haipiti. Hiyo mashine na mpira wake ukatupe chooni." Akakaa kwenye kiti. "Sasa tuongee. Nani alikuambia una kasoro?"

"Hakuna."

"Mimi nimetibu wanaume miaka thelathini na mbili. Wewe ni wa kawaida kabisa. Huna upungufu wowote. Mke anakulalamikia?"

"Hajasema."

"Yuko wapi?"

"Kwao."

"Tangu lini?"

"Wiki nane."

Mzee yule hakuwa wa kuja, alizaliwa huko huko, na alijua wiki nane maana yake nini. Aliacha kuandika.

"Ulikwenda kumfuata?"

"Nilikuwa nangoja hii ikamilike."

Nimesema Alistides ni fundi hodari, na sibadilishi. Lakini pale alipojisikia akilitamka jambo lile kwa sauti, kwa mara ya kwanza, mbele ya mtu mwingine, aliliona lilivyo. Machozi yalimtoka bila kelele. Tabibu alimwacha alie. Alisogeza tu boksi la pamba karibu naye.

"Mfuate," alisema mwishowe. "Na ukifika, mwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi. Usilete habari za kazi."

*

Alikwenda Jumapili ya tisa. Kokushubira alikuwa amefukia ndizi mara ya tatu bila kuulizwa. Dumu la rubisi lilijaa, na juu yake akamfungia kibuyu cha heshima chenye mrija. Alipanda gari alfajiri, akamalizia kwa bodaboda, dumu mapajani, akiyarudia moyoni maneno ya tabibu.

Uwanja haukuwa umefagiwa. Mzee Elipidius, baba mkwe, alitoka akifunga vifungo vya shati.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Ni wewe?" Mzee alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. "Karibu. Hatukuwa na habari."

Walikusanyana polepole: mzee, mdogo wake, shangazi Kansiime, na katekista wa kigango aliyeitwa kama jirani. Anonciata alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, Vero mapajani. Alikuwa amenawiri. Kibuyu kiliwekwa katikati, hakuna aliyekigusa.

"Mkwe," alisema Elipidius, "sisi si watu wa maneno mengi. Huyu alikuja hapa akasema kwako anapata chakula, hapigwi, hatukanwi. Tukamuuliza, sasa ulichokosa ni nini? Akasema mume wake atakuja aseme. Tukangoja. Jumapili nane. Faini ya kuchelewa ipo, hilo ni dogo, utaleta mbuzi tutakula. Mimi nataka kujua jambo moja. Ulikuwa wapi?"

Wote walimgeukia. Nzi alitua kwenye kibuyu. Alistides alifungua mdomo, na maneno aliyokuwa nayo tangu alfajiri yalikuwepo, yote, yamejipanga. Kisha akamwona katekista. Akamwona mdogo wa mzee, mtu wa kilabuni, ambaye angeyabeba maneno yale hadi kaburini kwake na njiani angemsimulia kila aliyekutana naye. Akaona jinsi atakavyoitwa Bugomora nzima, na Ndama, na Kayanga, mpaka uzeeni.

"Nilikuwa na kazi," alisema.

"Kazi gani?"

"Madawati. Ya shule. Walitaka haraka."

Elipidius aliitikia kwa kichwa taratibu. Lilikuwa jibu linaloweza kulipiwa mbuzi. Alikuwa tayari ananyoosha mkono kwenye mrija, na kama angeuvuta mara moja tu, mambo yangekuwa yamekwisha na mke angekwenda kufunga mzigo.

"Baba," alisema Anonciata. "Naomba kuuliza."

Mkono wa mzee ukasimama. "Uliza."

"Baba Vero, ni madawati kweli?"

Hakumuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeshika mlango usifungwe. Alistides alimwona anavyomngoja, na alijua, alijua kabisa, kwamba hii ndiyo nafasi. Mdogo wa mzee alikohoa.

"Ni madawati," alisema.

Anonciata alimtelemsha Vero kwenye mkeka. "Rubisi yake mrudishieni," alimwambia baba yake. "Sitaki iharibike bure."

Kansiime alimwita jina lake mara moja, kwa sauti ya chini, kumpa nafasi ya kujirudi. Hakujirudi. Elipidius akakisukuma kibuyu kwa vidole viwili mpaka kikafika miguuni kwa mkwe wake. Na kikishasukumwa hivyo mbele ya watu, hakuna wa kukirudisha.

*

Mgeni husindikizwa hata kama umemkataa. Anonciata alitembea naye hadi barabarani ambako bodaboda alikuwa akingoja, Vero akiwa mbele yao akikusanya vijiti. Walipita katikati ya migomba. Karibu na barabara Alistides akalitua dumu.

"Si madawati," alisema.

"Najua."

Akamwambia. Aliyasema yakiwa yamevurugika, akianzia mwisho: tabibu, mpira, ngozi ya zambarau, fremu, Projest, kisha simu, kisha ile jioni ya kilabuni. Hakumtazama usoni, aliyatazama majani ya mgomba. Alipofika kwenye ukuta, kwamba aligeukia ukutani ili asionekane, Anonciata alikaa chini juu ya dumu.

"Mimi nilidhani nanuka," alisema.

"Wewe?"

"Mwaka mzima. Nilikuwa naoga nikija kulala. Nikawa nanusa nguo zangu." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nilimuuliza hata shangazi kama nanuka. Akaninusa, Alistides. Nikiwa mtu mzima, akaninusa."

"Hukuwa na kitu. Hujawahi kuwa na kitu."

"Ungesema hivyo siku moja tu."

Alistides alichuchumaa mbele yake. Tumaini lilimjaa ghafla, lilimjaa mpaka sauti ikabadilika. "Basi twende. Sasa hivi. Nitarudi ndani niwaambie wote, acha wacheke. Nitasema kila kitu."

Anonciata aliutazama mkono wa Alistides uliokuwa umeshika dumu karibu na goti lake. Alimpenda, hilo hakulikana hata baadaye. Ile wiki ya tatu au ya nne angeinuka pale pale na kwenda naye bila hata viatu.

"Hapana," alisema. "Sijakasirika, usidhani nimekasirika. Ningekuwa na hasira ningekwenda na wewe. Ila nimeshazoea huku. Nalala usingizi, Baba Vero. Sitaki kurudi kukisikiliza kile kitanda. Leo umesema kwa sababu nimekataa. Kesho nikikubali utanyamaza tena."

"Sitanyamaza."

"Pale ndani ulinyamaza mara mbili."

Bodaboda aliwasha pikipiki, akaizima. Vero alikuja akampa baba yake vijiti viwili, akakimbia kutafuta vingine.

Anonciata alisimama ili ampe nafasi ya kulibeba dumu, akamwona anavyoinama kwa tahadhari, mguu mmoja mbele.

"Bado unaumwa?" aliuliza.

"Kidogo. Jioni zaidi."

"Unapaka nini?"

Akamwambia jina la dawa. Akamwambia anapaka mara ngapi, na kwamba tabibu alisema wiki mbili, na kwamba usiku shuka ikigusa anaamka. Akamwambia kwamba alipoona ile rangi alidhani atakufa, na kwamba mtu wa kwanza aliyetaka kumwita ni yeye. Akamweleza jinsi karakana ilivyokuwa na joto mchana, na wateja wanavyobisha hodi, na namba alizokuwa akiandika ubaoni. Aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima, maneno yakimtoka kwa fujo, na Anonciata alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, kama mtu anavyomsikiliza jirani aliyefiwa.

"Pole," alisema alipomaliza. Kisha akamwita Vero, akamshika mkono, wakarudi nyumbani kuwahi kuanua maharage.